Maondoleo Hayafuti Ugonjwa: Juu ya Magonjwa ya Zinaa na Amri Tatu za Mungu



Katika mafundisho yetu tunataja magonjwa ya zinaa mara moja tu kwa mwaka, siku ya kueleza amri ya sita. Tunasema: mwasherati atapata ugonjwa. Kiisha tunafunga kitabu. Vijana wanacheka, wakubwa wanatazama chini, nasi tunatoka tukidhani ya kuwa tumefundisha. Mimi pia nilifanya vile katika miaka yangu ya kwanza ya upadri, mpaka mtu na mke wake waliponionyesha ya kuwa neno lile halitoshi.

Nitaeleza kwanza habari yao. Sikuipata katika Kitubio. Mume mwenyewe alinisimulia barazani, mke wake akiwapo, nao wakanipa ruhusa kuitumia kwa kufundisha wengine, mradi nisitaje jina lao wala mji wao.

I. HABARI YA NYUMBA MOJA

Watu hawa walifunga ndoa katika Eklezya, kwa furaha ya jamaa zote mbili. Mimba ya kwanza ilitoka mwezi wa saba, mtoto amekwisha kufa. Ya pili vilevile. Mtoto wa tatu alizaliwa mzima, lakini alikuwa mdogo sana, na ngozi ya viganja na nyayo zake ilikuwa inabambuka. Hakumaliza majuma mawili.

Basi jamaa wakaanza kutafuta: nani anakula watoto hawa? Wakamtaja shangazi wa mume, mjane mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Wakamwita mlozi, wakamfukuza, wakang'oa majani ya nyumba yake. Yule mama akalala jikoni kwa mkatekista, na mkatekista akanijia ili nikate maneno yale.

Nilikuwa tayari kwenda kusema kwa ukali juu ya ushirikina. Lakini mke wa mkatekista, ambaye anasaidia katika maternite, aliniuliza neno moja tu: "Padri, damu ya baba na mama ilipimwa?" Haikupimwa. Dispanseri ilikuwa mbali, mwendo wa saa tatu kwa miguu, na mke hakwenda kuonwa wakati wa mimba zake hata mara moja. Walipokwenda wote wawili, kipimo kilionyesha kaswende kwa baba na kwa mama.

Hapo mume alikumbuka. Miezi michache kabla ya ndoa, alipokuwa akichimba dhahabu mbali na kwao, alipata kidonda kimoja kisichouma. Kikapona chenyewe. Kabla ya arusi aliungama dhambi yake kwa majuto ya kweli, akapata maondoleo, akalia. Alisema: "Padri, nilifikiri yote yamekwisha."

Ndugu, mbele ya Mungu yalikuwa yamekwisha kweli. Katika damu yake hayakuwa yamekwisha. Hili ndilo neno ninalotaka kueleza hapa. Tunaweka magonjwa haya chini ya amri ya sita peke yake, na kwa hiyo mkristu aliyetubu anadhani ya kuwa hana deni tena. Lakini ugonjwa unaobaki baada ya Kitubio ni jambo la amri ya tano, sababu unaweza kumwua mwenzake. Tena ni jambo la amri ya nane, sababu mwenzake ana haki ya kujua ukweli.

II. UGONJWA USIOPIGA KELELE

Kwanza tufahamu ginsi ugonjwa wenyewe unavyotenda, kwani asiyefahamu hawezi kushauri.

Kaswende inatoka kwa kijidudu chembamba kilichojisokota kama uzi. Waliokiona mara ya kwanza kwa mikroskopi ni Schaudinn na Hoffmann, mjini Berlin, mwaka 1905. Mwaka uliofuata, 1906, Wassermann na wenzake walionyesha namna ya kuutambua ugonjwa kwa kupima damu. Basi imepita zaidi ya miaka mia moja tangu ilipokuwa lazima kubahatisha.

Kaswende inakwenda kwa hatua. Hatua ya kwanza: kama majuma matatu baada ya kuambukizwa, pengine mapema, pengine hata miezi mitatu, kidonda kinatokea pahali pa siri, ao kinywani. Mara nyingi hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kufichika ndani, asikione kabisa. Baada ya majuma matatu mpaka sita kinafunga chenyewe, bila dawa. Hapo mtu anashukuru, na pengine anamsifu mfumu aliyempa mizizi. Lakini mizizi haikufanya kitu. Kidonda kingefunga hata bila mizizi. Hatua ya pili: vipele mwilini, mara nyingi hata katika viganja na nyayo, pamoja na homa na uchovu. Vinapita navyo. Hatua ya tatu ni kimya. Mtu analima, anaimba, anapokea Komunyo, na ugonjwa umelala ndani yake. Kwa wengine, baada ya miaka kumi, ishirini ao hata thelathini, unaamka na kuharibu moyo, ubongo ao mifupa.

Katika kimya kile, mama mwenye mimba anaweza kumwambukiza mtoto tumboni. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu ya kuwa katika mwaka 2016 mimba zipata 661,000 duniani ziliguswa na kaswende ya namna hii. Katika hizo, zaidi ya 140,000 zilitoka ao mtoto alizaliwa amekufa, na watoto wapata 61,000 walikufa mara baada ya kuzaliwa. Kila mmoja wao alikuwa na jamaa walioulizana: ni nani amemroga?

Magonjwa mengine yana tabia ileile ya kujificha. Kisonono, ambacho wengi kwetu wanakiita "sopisi", kinamwumiza mwanaume upesi: anakojoa kwa uchungu, usaha unatoka. Lakini wanawake wengi hawasikii kitu. Klamidia inafichika zaidi, kwa wanaume na kwa wanawake. Yote mawili yanaweza kupanda ndani ya tumbo la mwanamke, kuziba mirija ya uzazi na kumfanya tasa, naye hakupata kuugua hata siku moja. Tena mtoto anayepita kwa mama mwenye kisonono anaweza kuambukizwa macho na kuwa kipofu. Kwa hiyo katika maternite wanatia dawa machoni mwa kila mtoto anapozaliwa.

Hapa Kongo tuna ushuhuda mkubwa juu ya jambo hili. Uchunguzi wa hesabu ya watu uliofanywa kutoka 1955 mpaka 1957 ulionyesha ya kuwa pande za Tshuapa na za Uele wanawake wengi sana waliopita umri wa kuzaa hawakupata mtoto hata mmoja. Watu walitafuta sababu nyingi: wengine walisema ni laana, wengine walisema ni desturi za watu. Waliochunguza kwa akili waliona ya kuwa sababu kubwa ni magonjwa ya zinaa, kisonono hasa. Penisilini ilipoenea, uzazi ukaongezeka. Wanawake wangapi walirudishwa kwao kabla ya hapo, mahari ikadaiwa, nao hawakukosa kitu?

Na Sida? Ulimwengu ulisikia habari yake mwaka 1981. Lakini wenye elimu walipopima damu iliyochukuliwa kwa mtu mmoja wa Leopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1959, walikuta virusi vyake ndani. Ugonjwa ulikwisha kutembea kati yetu miaka mingi bila jina. Hata leo mtu anaweza kukaa na virusi miaka mingi akijisikia mzima.

Basi tushike neno hili la kwanza: kusema "najisikia mzima" si ushuhuda wa uzima. Mwili haungami wenyewe. Sherti kuuliza damu.

III. AMRI YA TANO: USIMDHURU MWENZAKO

Amri ya tano haikatazi panga tu. Inakataza vilevile uzembe unaoua. Mtu anayejua ya kuwa daraja limevunjika, akamwacha jirani apite usiku, ana kosa, hata kama si yeye aliyelivunja. Vivyo hivyo mtu aliyejitia katika hatari, akaacha kupimwa, akalala na mke wake, anamwacha apite juu ya daraja lililovunjika.

Pengine mmoja atajibu: "Lakini dawa ni ghali, na aibu ni kubwa." Tusemezane juu ya dawa kwanza. Penisilini iligunduliwa na Fleming mwaka 1928, na tangu 1943 imetumiwa kwa kuponya kaswende. Mpaka leo haijashindwa nayo. Kaswende mpya inapona kwa sindano ya penisilini ya kukaa mwilini, mara moja. Iliyokawia inataka sindano tatu, moja kila juma. Mama akitibiwa mapema katika mimba, mtoto anaokoka. Kipimo ni tone la damu kidoleni, na jibu halipiti nusu saa.

Kisonono si hivyo. Kimezoea dawa nyingi za zamani, na sababu moja ni watu kununua vidonge sokoni, kumeza viwili vitatu, kisha kuviacha uchungu unapopungua. Dawa ya kisonono inatoka kwa munganga, si kwa mchuuzi. Tena, dawa ya mmoja si dawa ya nyumba. Mume akitibiwa peke yake kwa siri, atarudishiwa ugonjwa na mke wake, na watazungushana vile mwaka mzima. Sherti watibiwe wote wawili, na wangoje mpaka munganga awape ruhusa.

Sida haina dawa ya kuiondoa, lakini ina dawa ya kuifunga. Anayekunywa dawa kila siku, mpaka kipimo kinaonyesha ya kuwa virusi havionekani tena katika damu, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Na mama mwenye virusi: bila msaada wowote, watoto 15 mpaka 45 kwa mia wanaambukizwa, kwa dawa wanapungua chini ya 5 kwa mia. Basi anayewaambia wagonjwa waache dawa ili waombewe tu, anavunja amri ya tano, hata kama anashika Biblia mkononi.

Sherti niseme neno vilevile juu ya kapoti, kwani vijana wanatuuliza. Nimesikia wakatekista wakifundisha ya kuwa zina matundu, ao zimetiwa ugonjwa kusudi. Hayo ni uwongo, na Eklezya haina haja ya uwongo. Wanganga wanajua ya kuwa zinapunguza sana hatari, bila kuiondoa yote. Sisi tunafundisha usafi wa moyo na uaminifu wa ndoa sababu ndiyo njia ya upendo wa kweli, si sababu ya hofu tu. Na Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika mazungumzo yaliyotolewa mwaka 2010, alikubali ya kuwa mtu aliye katika njia mbaya, akiitumia kwa kusudi la kutomwambukiza mwenzake, anaweza kuwa ameanza kuamka na kujua wajibu wake. Hakusema ya kuwa njia ile ni nzuri. Hata mwenye dhambi hajaachiliwa wajibu wa kutoua.

IV. AMRI YA NANE: MWENZAKO ANA HAKI YA KUJUA

Wachumba wanapokuja kuandikwa, tunawauliza juu ya ubatizo, juu ya jamaa, juu ya mahari. Juu ya afya tunanyamaza. Hata hivyo Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983 ina kanuni mbili ambazo kila padri afadhali azijue vema.

Kanuni ya 1084 inasema katika sehemu yake ya tatu ya kuwa utasa peke yake hauzuii ndoa wala hauivunji. Mume asije kwetu akidai kumwacha mke sababu hazai. Lakini kanuni hiyohiyo inatuelekeza kwa kanuni ya 1098: anayedanganywa kusudi ili akubali ndoa, juu ya hali fulani ya mwenzake ambayo kwa tabia yake inaweza kuvuruga sana maisha ya ndoa, ndoa yake si halali. Basi anayejua ya kuwa ana ugonjwa mzito wa kuambukiza, akauficha ili asikataliwe, anajenga nyumba juu ya mchanga. Si kila neno lililonyamazwa linavunja ndoa. Hukumu ni ya tribunali ya jimbo. Lakini sisi tunaweza kuwaonya wachumba kabla haijawa kesi.

Je, mgonjwa asioe? Hapana. Hata mwenye virusi vya Sida anaweza kufunga ndoa, mwenzake akijua na akikubali kwa hiari, nao wakifuata maneno ya munganga. Tunaloomba ni ukweli.

Lakini ukweli huu si mali ya padri. Jibu la kipimo ni la mwenyewe. Tusilazimishe wachumba kutuletea karatasi, tusiisome, tusiiweke katika sanduku la parokia ambapo kila karani anapita. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wenye virusi vya Sida, na siri ya afya yao ni mojawapo. Nasi tuwahimize wachumba waende pamoja, wapokee majibu pamoja, wasemezane wao wawili.

Na lile tunalolisikia katika Kitubio, mnajua wote: kanuni ya 983 inakataza kabisa kumsaliti mwenye kuungama kwa neno ao kwa namna yoyote. Hata ili kumwokoa mke, mwungamishi hawezi kumwambia kitu, wala kumdokeza. Lakini ndani ya Kitubio chenyewe anaweza kufanya kazi kubwa. Aulize kwa upole: "Mwanangu, ulikwenda kupimwa? Usimkaribie mke wako kabla ya kujua." Kama padri yule wa zamani angeuliza hivi, pengine watoto watatu wangekuwa wanacheza leo. Simhukumu. Nami sikuwa nikiuliza.

V. KAZI YETU

1. Tusiseme ya kuwa kila mgonjwa amefanya uasherati. Mke mwaminifu anaambukizwa na mume wake, mume na mke wake, mtoto na mama yake. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua nani alikosa, yeye ao wazazi wake. Bwana wetu alikataa hesabu ile, akamponya. Tufuate mwendo wake.

2. Tuwakumbuke mama na mabinti walionajisiwa kwa nguvu, hasa pande za Kivu, ambako vita vimewatesa miaka mingi. Hawana dhambi katika jambo hili hata kidogo. Mkatekista akisikia habari ya namna hii, asingoje mkutano wa wazee: dawa ya kuzuia Sida sherti ianze kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu. Ampeleke hospitali siku ileile. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, ambako Daktari Denis Mukwege, aliyepewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018, amefanya kazi yake, imepokea maelfu ya wanawake hawa; na vituo vingine vingi vinaweza kutoa dawa ya kwanza.

3. Kila mama mwenye mimba apimwe kaswende na Sida anapokwenda kuonwa mara ya kwanza, na aende mapema. Tulitangaze Dominika kama tunavyotangaza Misa. Mume amsindikize.

4. Mimba zikitoka mara kwa mara, ao watoto wakifa mmoja baada ya mwingine, tupeleke baba na mama kupimwa damu kabla ya kuruhusu mtu yeyote ataje jina la mlozi. Si kaswende kila mara. Kuna sababu nyingine nyingi, na munganga atazitafuta. Lakini wazee wengi wamepoteza nyumba sababu hakuna aliyetafuta.

5. Sisi wenyewe, mapadri na waseminari, hatuna mwili wa malaika. Aliyeanguka asijifiche nyuma ya kanzu yake, akajitibu usiku kwa vidonge vya kuazima. Aende kwa mwungamishi kwa ajili ya roho, na kwa munganga kwa ajili ya mwili. Na kama amemtia mwingine katika hatari, amjulishe, ingawa ni kwa uchungu mkubwa.

Habari ya nyumba ile imefika wapi? Mume na mke walipewa sindano zao zote. Mke alikasirika miezi mingi, naye alikuwa na haki. Mume alikwenda kwa shangazi yake kuomba radhi. Mama mzee hakumjibu siku ile, wala siku ya pili. Mume akapanda juu ya nyumba yake, akaezeka majani upya kwa mikono yake mwenyewe, siku tatu. Siku ya tatu mama akamletea maji ya kunywa, na hakusema neno.

Ndugu, ninawaomba jambo moja. Juma hili, kila mmoja wenu aende dispanseri iliyo karibu naye na kuuliza maulizo mawili: siku gani mnapima damu ya wenye mimba na ya wachumba? Na penisilini iko? Kiisha Dominika awaambie watu majibu. Hayo ni mafundisho ya amri ya sita, ya tano na ya nane kwa mara moja.